Prosesa ya zamani imelala chini ya meza: inaumwa nini hasa, na uipe kazi gani

Mashine ninayoizungumzia hapa ina prosesa ya Intel i5-2400. Ile ya Januari 2011, kori 4, thredi 4, 3.1 GHz ikichangamka inafika 3.4, TDP (joto inalotoa ikiwa na mzigo) wati 95. Saivi hamna mtu anaiongelea. Wenye mashine mpya hata hawajui iliwahi kuwepo, wenye i7 za enzi zile wanaionea huruma, na wale wanaokusanya vitu vya kale wanaiona bado mtoto. Yangu ilikaa chini ya meza karibu miaka mitatu, nishaihukumu kwamba imechoka, mpaka siku nimeifungua kutafuta skrubu tu nikakuta prosesa haina neno, aliyechoka alikuwa diski ya kuhifadhia mafaili.

Ndo maana naandika kwa dalili. Mtu anauliza "hii prosesa niifanyie nini" kabla hajajua kinachomsumbua ni prosesa yenyewe au jirani yake kwenye boksi, anaipa kazi isiyo yake, inashindwa, anaitupa. Mengi hapa yanahusu i5-2400 na ndugu zake wa soketi 1155 (tundu la kwenye bodi inapokaa prosesa), ila nitapita pia kwa Intel za baadaye (Haswell), AMD FX na wazee wetu Core 2 za Intel.

Kabla hujagusa kitu ijue uliyonayo. Weka Linux yoyote kwenye fleshi, buti bila kuinstoli, fungua terminali andika lscpu. Watu wanakimbilia GHz, mimi nashuka mpaka palipoandikwa Flags natafuta vineno vinne: aes (kusimba mafaili haraka), avx na avx2 (mahesabu mengi kwa mkupuo) na vmx ya mashine pepe (kwa AMD hicho cha mwisho kinaandikwa svm). i5-2400 ina aes, avx na vmx, haina avx2 maana AVX2 ilikuja na Haswell mwaka 2013. Pentium na Celeron za miaka ile zinazokaa kwenye soketi hiyo hiyo hazina hata AVX, na i3-2100 haina aes. Yani prosesa mbili zinafanana kwa nje kama mapacha, alafu moja inafaa kazi fulani na mwenzake haifai kabisa. Viandike kwenye kikaratasi hivyo vineno, tutavirudia.

Inawaka dakika mbili nzima, na kila ukibonyeza kitu inawaza kwanza

Hapa ndo prosesa inasingiziwa kuliko kote. Mashine ikikwama fungua Task Manager, au htop na iotop kama uko Linux, uone nani yuko bize. Mara nyingi utakuta prosesa iko asilimia 10 imekaa inasubiri, diski iko 100. Diski ya kuzunguka inafanya operesheni ndogo ndogo kama mia hivi kwa sekunde, wakati SSD (diski isiyo na kinachozunguka) ya kawaida ya SATA inafanya makumi ya maelfu. Mfumo wa kisasa ukiwaka unaomba vifaili vidogo maelfu kwa mkupuo, sasa kile kichwa cha diski kinakimbia huku na huku kama kuku aliyekosa banda na prosesa inalaumiwa bure.

Weka SSD ya SATA. Usihangaike na NVMe (aina mpya ya SSD), mazabodi nyingi za enzi hizo haziwezi kubuti kutoka kwenye NVMe hata ukiipachika kwa adapta. Usiumie pia kama bodi yako ni H61 isiyo na SATA ya 6 Gb/s, ile ya 3 inakupa kama MB 280 kwa sekunde badala ya 550, lakini kwa matumizi ya kawaida mkono hautaona tofauti, raha yote iko kwenye vile vifaili vidogo.

Mitego miwili. Wa kwanza, bayosi (programu ya mazabodi inayowaka kabla ya mfumo) za zamani nyingi ziliachwa kwenye IDE, namna ya zamani ya kuongea na diski, badala ya AHCI iliyo mpya. Ukibadilisha wakati Windows ilishainstoliwa kwa IDE utapata skrini ya bluu yenye 0x0000007B, utadhani umeua SSD, kumbe ni setingi tu, irudishe ilivyokuwa au instoli upya. Wa pili ni wa wenye bodi za mwanzo kabisa: tarehe 31 Januari 2011 Intel walitangaza kasoro kwenye chipseti za mfululizo wa 6, porti za SATA za 3 Gb/s zilikuwa zinachakaa kadiri siku zinavyoenda, wakatoa toleo la B3 lililorekebishwa. Zile porti mbili za 6 Gb/s hazikuwa na shida. Kwahiyo kama diski inapotea na kurudi kwenye bodi ya wakati huo, ihamishie porti 0 au 1 kabla ya kumlaumu mtu mwingine.

Ukishaweka SSD bado inavuta, angalia RAM. GB 4 na brauza yenye tabu ishirini haviendi pamoja, ikijaa inaanza kumwaga kwenye diski. GB 8 ndo mwanzo wa heshima. Na kama ni kweli prosesa ndo iko 100 mda wote hata ukiwa hujagusa kitu, mtafute anayeila kwanza, kuna viprogramu vya nyuma ya pazia vinakula kori nzima na wewe unasema ni uzee.

Video zinakatakata, feni inapiga kelele kama inataka kuruka

Hapa sasa prosesa ina kosa, ila sio lile unalofikiria. Ndani ya i5-2400 kuna grafiki ndogo, HD 2000, yenye kisehemu maalum cha kufungua video za H.264 (kodeki, yani namna moja ya kubana video). Ikipata H.264 haitoki jasho. Tatizo ni kwamba dunia ilishahama: HEVC ya kawaida ilianza kufunguliwa na grafiki za Intel kwenye Skylake 2015, VP9 na HEVC ya biti 10 zikaja kizazi cha Kaby Lake kilichofuata, AV1 ndo ya juzi zaidi. Zote hizo HD 2000 haizijui, kwahiyo kazi inaangukia kori nne za kawaida zikokotoe kila picha kwa mkono.

Jinsi ya kujua: chezesha video ile ile kwa H.264 alafu kwa kodeki nyingine huku unaangalia htop. Kama ya kwanza inakula asilimia 10 na ya pili inakula 80, jibu unalo. Kwenye YouTube kuna kiongezo cha brauza kinaitwa h264ify, kinalazimisha H.264, na kwa 1080p kwenda chini inakubali vizuri. Juu ya hapo YouTube hawatoi H.264 kwahiyo sahau 4K.

Hii inaamua kazi. Kama ulitaka kuifanya seva ya filamu za nyumbani kwa Jellyfin, inafaa sana ikiwa mafaili yanachezwa kama yalivyo na kifaa kinachopokea, TV au simu, kinayafungua chenyewe, maana hapo prosesa inabeba tu na kupitisha, hata Core 2 inaweza. Inakwama pale kifaa kinaposhindwa na seva kulazimika kubadilisha HEVC ya biti 10 iwe kitu kingine papo kwa papo. Dalili yake ni mduara unaozunguka kila sekunde chache. Usihangaike na setingi usiku kucha, badilisha faili zenyewe mara moja ziwe H.264, iachie ifanye usiku, asubuhi ziko tayari. Pole pole ndo mwendo wake na hamna aliyekuwa anasubiri.

Hilo la hamna anayesubiri likumbuke. Baada ya kuhangaika nayo miezi kadhaa nimeona prosesa hii inakuwa mbovu pale tu binadamu amekaa mbele yake ameshika mausi.

Windows 11 imeikataa

Imeikataa kweli na haitabadili mawazo. Orodha rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8, tena wanataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 ilimaliza mda wake wa kawaida 14 Oktoba 2025. Kuna njia za kuzunguka ule ukaguzi, i5-2400 itapita, lakini Microsoft wenyewe wanasema hawakuhakikishii apdeti, na mimi sioni sababu ya kujenga nyumba kwenye kiwanja chenye kesi. Core 2 hata kuzunguka haisaidii tena, kuanzia toleo la 24H2 mfumo unataka maelekezo ya SSE4.2 ambayo zile hazina, hautabuti kabisa.

Weka Debian au Linux Mint ya XFCE, maisha yaendelee. Ila angalia na huku, sio kila Linux inawapokea wazee: Red Hat Enterprise Linux 10 inataka prosesa yenye AVX2, kwahiyo Sandy Bridge (kizazi cha i5-2400) na Ivy Bridge (kilichofuata) ziko nje, Haswell za Core zinaingia. Ukitaka familia hiyo hiyo AlmaLinux 10 wana toleo la pembeni kwa prosesa za chini ya hapo. Debian ya biti 64 haina makuu.

Programu inafunguka na kufa hapo hapo, imeandika "Illegal instruction"

Hii inatisha watu wanafikiri prosesa imeungua. Haijaungua. Programu ilitengenezwa kwa prosesa yenye maelekezo ambayo yako haina, ikafika kwenye neno isilolijua ikaanguka. Rudi kwenye kile kikaratasi. Mfano unaojulikana ni MongoDB, kuanzia 5.0 inataka AVX. Kwenye i5-2400 inakubali, kwenye Pentium ya soketi ile ile inakufa. Mtu anaendesha kontena (programu iliyofungashwa na mahitaji yake yote), kontena linajiwasha na kujizima milele, anabadilisha setingi za mtandao siku mbili wakati jibu liko kwenye mstari mmoja wa dmesg (kumbukumbu za mfumo) umeandika invalid opcode.

Dawa: tumia toleo la zamani kama programu haigusi intaneti, au tafuta iliyojengwa kwa prosesa za kawaida, au ijenge mwenyewe. Au badilisha prosesa tu, kwenye soketi 1155 kutoka Pentium kwenda i5 ni kazi ya dakika ishirini. Hapo pia kuna kikwazo: bodi za ofisini zenye chipseti Q65, Q67 na B65 Intel hawakuziwekea rasmi Ivy Bridge, kwahiyo kwenye hizo usinunue i7-3770 kwa kuona soketi inalingana, mwisho wako ni i7-2600. Kwenye H61, P67 na Z68 nyingi Ivy Bridge inaingia lakini apdeti bayosi kwanza ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, ukishaitoa ndo umejifungia nje.

Inajizima yenyewe, au inaenda vizuri dakika kumi alafu inalegea

Hizi ni dalili mbili na watu wanazichanganya. Kulegea taratibu mara nyingi ni joto: prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia spidi ili isiungue. Kuzima ghafla kama mtu kachomoa waya inaweza kuwa joto limezidi kabisa au pawasapulai imeshindwa mzigo.

Tenganisha hivi. Instoli lm-sensors, andika sensors, tazama joto mashine ikiwa imetulia. Alafu ipe mzigo kwa stress-ng kori zote dakika kumi. Joto likipanda sekunde chache tu kutoka 40 mpaka 95, chuma cha kupozea hakigusani vizuri na prosesa. Likipanda pole pole mpaka huko juu, kinagusana ila hewa haipiti, vumbi. Na ikizima wakati joto liko 60 tu, achana na prosesa, nenda kwa pawasapulai na zile kapasita za mazabodi, uone kama kuna iliyovimba kichwa au kuvuja.

Feni za kawaida za Intel zinashikwa na vipini vinne vya plastiki vya kusukuma, kimoja kikiachia unaona upande mmoja umenyanyuka kidogo sana, kwa macho kama hamna kitu. Bonyeza kila kona usikie inalia. Pesti ya miaka kumi huwa imekauka kama chaki, ifute kwa spiriti, weka tone dogo kama punje ya mbaazi, funga. Wenye AMD ya AM3 au AM3+ sikilizeni hapa: pini ziko kwenye prosesa, na pesti ikikauka inashika kama gundi, ukivuta chuma juu moja kwa moja prosesa inang'oka nayo ikiwa imefungwa kwenye soketi na pini zinapinda. Washa mashine ipate moto kidogo, zima, chomoa umeme, alafu zungusha chuma kulia kushoto mpaka kiachie ndo uinue.

Ivy Bridge zina kasoro ya kuzaliwa, ndani chini ya kifuniko Intel walitumia pesti badala ya kulehemu kama walivyofanya Sandy Bridge. Kwahiyo 3770 ikiwa na moto kidogo kuliko 2600 usishangae wala usianze kubadilisha pesti ya juu kila wiki.

Kila ikizimwa saa inarudi nyuma miaka, na tovuti zote zinasema sio salama

Betri ya bayosi. CR2032, volti 3 ikiwa mpya, ikipimwa imeshuka chini ya 2.7 hivi itoe. Brauza inalalamika kwasababu cheti cha tovuti kina tarehe zake na mashine yako inadhani bado ni 2011. Niliwahi kuinstoli mfumo upya mara mbili kwa ajili ya hili, aibu yangu mwenyewe.

RAM inasoma nusu

Kwanza hakikisha mfumo ni wa biti 64, wa biti 32 unaishia karibu na GB 4. Pili, bodi zina mwisho wake, H61 ina nafasi mbili na mwisho GB 16. Tatu ndo inayouma, kwenye soketi za Intel pini ziko kwenye bodi na pini moja ikipinda chaneli nzima ya RAM inapotea. Toa prosesa, tumia tochi ya simu ukitazama kwa ubavu, pini iliyopinda inang'aa tofauti na wenzake. Inarudishwa kwa sindano na subira, sio kwa siku uliyoamka na hasira. Kabla ya hapo jaribu moduli moja moja kwenye kila nafasi, na iachie Memtest86+ izunguke usiku mzima, RAM ya zamani inayokosea mara moja kwa saa sita itakuharibia mafaili kimya kimya.

Wenye Core 2 wanaotafuta DDR2, kuna moduli za GB 4 zinauzwa zimeandikwa za AMD tu. Wanamaanisha, kwenye bodi za Intel hazisomi.

Inawaka, feni zinazunguka, hamna picha

Umebadilisha prosesa? AMD FX haina grafiki ndani. Xeon E3 (prosesa za seva) za soketi 1155 zinazoishia na 0, kama E3-1230 v2, hazina pia, zinazoishia na 5 kama 1225 na 1245 ndo zinazo. Ni prosesa nzuri sana hizo Xeon, zinakaa kwenye bodi nyingi za kawaida na ni karibu sawa na i7, lakini zinataka kadi ya grafiki hata ndogo kabisa. Ukishainstoli mfumo unaweza kujaribu kuitoa kadi ukaendesha kwa mbali kwa SSH, bodi nyingine zinakubali, nyingine zinapiga mlio na kugoma. Kwenye bayosi tafuta setingi inayosema isisimame kwa kosa lolote la mwanzo.

Mashine pepe zinagoma

Mashine pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta. Kama vmx haionekani kwenye lscpu na prosesa yako inapaswa kuwa nayo, imezimwa kwenye bayosi, iwashe, zima kabisa mashine alafu washa. Kama inaonekana lakini unataka kuipa mashine pepe kadi nzima ya mtandao au grafiki, hapo unahitaji VT-d, na hapa kuna kichekesho cha historia: i5-2500 ya kawaida inayo, i5-2500K ya wachezaji haina. 2600K na 3770K hivyo hivyo. Ile prosesa ya ofisini iliyodharauliwa ndo inafaa zaidi kwa seva kuliko ile watu waliyokuwa wanajivunia. i5-2400 yangu inayo. Weka Proxmox na GB 16, inabeba mashine pepe nne tano nyepesi, moja ya kuzuia matangazo, moja ya mafaili, moja ya kujaribia mambo.

Nimeifanya seva ya mafaili, inakopi MB 11 kwa sekunde

Hiyo namba yenyewe ni jibu. MB 11 au 12 kwa sekunde ni mtandao wa megabiti (Mb) 100, gigabiti inatakiwa ikupe kama 110. Andika ethtool ukifuata na jina la kadi yako, soma Speed. Ikisema 100 tafuta kebo: gigabiti inataka nyaya zote nane, Mb 100 inatosheka na nne, kwahiyo kebo yenye waya mmoja umekatika inashuka kimya kimya bila kukuambia. Alafu swichi, alafu ruta, ruta nyingi za kawaida zina porti za Mb 100.

Kama Speed ni 1000 na bado iko chini, umesimba diski (encryption)? Hapo ndo kile kineno aes kinapoingia. Andika cryptsetup benchmark. Prosesa yenye aes inatoa namba kubwa kuliko diski yenyewe, i3-2100 na Core 2 zinahangaika. Hali ni hiyo hiyo kwa VPN: OpenVPN inategemea sana AES, WireGuard inatumia ChaCha20 ambayo haihitaji msaada huo, kwahiyo prosesa isiyo na aes ipe WireGuard utashangaa.

Nusu ya malalamiko kuhusu seva za zamani yanaishia hapa kwenye kebo.

Nimejaribu kuendesha AI ndani yake, inatoa neno moja kama inalipwa kwa herufi

Hesabu ni fupi. Modeli ikiandika inasoma uzito wake wote kutoka RAM kwa kila kipande cha neno. DDR3-1333 chaneli mbili inatoa GB 21 kwa sekunde kwenye karatasi. Modeli ya GB 4, gawanya, vipande 5 kwa sekunde ikiwa kila kitu ni kamili, na bila AVX2 hakitakuwa kamili. Na kama RAM iko kwenye chaneli moja tu kata nusu tena, kwahiyo hakikisha moduli ni mbili. Modeli ndogo ya GB 1 ya kupanga barua pepe au kufupisha maandishi usiku inawezekana. Ya kupiga nayo stori, hapana.

Inafanya kila kitu, ila mita ya umeme nayo inafanya kazi

Hii ndo dalili ya mwisho na ndo inayoamua kazi kweli. TDP wati 95 isikutishe, hiyo ni ya mzigo. Inayokula bili ni ile hali ya kukaa tu. Pima kwa kipima wati cha ukutani, mashine yangu bila kadi ya grafiki iko karibu 40 ikiwa haifanyi kitu. Wati 40 saa 24 siku 365 ni uniti 350 hivi kwa mwaka. Kompyuta ndogo ya bodi moja au mini ya kisasa inakaa wati chache tu. Kwahiyo kazi ya kuwaka mda wote kwa ajili ya kuzuia matangazo peke yake ni kuitesa na kujitesa, hata kama inaiweza kwa kidole kimoja.

Kwanza shusha kinachoshuka: toa kadi ya grafiki, toa diski zisizo na kazi, hakikisha C-states (hali za kulala za prosesa) zimewashwa kwenye bayosi, endesha powertop uone kama prosesa inalala kweli. Alafu jiulize kama lazima iwake.

Mimi jibu lilikuwa hapana. Yangu sasa hivi ni mashine ya bakapu. Inaamka saa nane usiku, inavuta mafaili ya kompyuta zote za nyumbani kwa restic, inakagua diski kwa smartctl, kama kuna video za kubadilisha inazibadilisha, ikimaliza inajizima. Saa moja hivi kwa siku, wati 50 ikifanya kazi, mwaka mzima uniti 18. Na kwasababu mda mwingi haina umeme ndani, kirusi kikiingia kwenye kompyuta nyingine mchana hakiikuti.

Kuamka kwenyewe ndo kulinisumbua, kwahiyo namalizia na hilo. Nilitumia rtcwake kuiambia izime na iwake saa fulani, ikazima vizuri, usiku haikuamka. Mara tatu. Nikajaribu kuiamsha kupitia mtandao kwa Wake-on-LAN, kimya, na taa ya kadi ya mtandao ilikuwa haiwaki kabisa mashine ikiwa imezimwa, hiyo taa ndo iliyonipa jibu. Kwenye bayosi kulikuwa na setingi ya kubana umeme imeandikwa ErP, ikiwashwa inakata hata ule umeme mdogo unaoacha saa na mtandao wakiwa macho. Niliizima, nikawasha ile ya kuamka kwa alamu ya RTC (saa ya ndani ya mashine), na kwenye Linux nikahakikisha ethtool inaonyesha herufi g kwenye Wake-on. Usiku uliofuata nilisikia feni.